Mbwa Kwenye Mpaka wa Hifadhi

Mtu aingiaye katika hifadhi yoyote ya taifa nchini Tanzania hukutana na makatazo kadhaa langoni. Haruhusiwi kuacha njia, kuchuma mimea, kuwasha moto ovyo wala kupiga kelele. Miongoni mwa makatazo hayo limo moja ambalo wageni wengi hulisoma bila kulitafakari, nalo ni lile la kuingia na mnyama wa kufugwa, kama vile mbwa au paka. Kwa mtalii katazo hili ni jepesi, kwani mbwa wake amemwacha nyumbani. Kwa mkulima wa Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, mambo ni tofauti. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,700, na sehemu ya hifadhi hiyo imo katika Wilaya ya Muleba. Watu wa upande huo huenda kuchunga, kuokota kuni na kutazama mizinga yao ya nyuki, na mbwa huwafuata bila kuitwa. Mbwa hasomi kibao.

Makala haya yanakusudia kueleza sababu za kisayansi za katazo hilo, na kisha kuonyesha kwamba katazo lenyewe, hata likifuatwa kikamilifu na watu wote, ni nusu tu ya kazi. Mbele kidogo pana hesabu zinazofaa kidato cha tatu na cha nne. Msomaji asiyependa hesabu anaombwa asiziruke, maana ndizo kiini cha somo.

Pua na harufu

Mbwa ni mzao wa mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, na amekaa na binadamu kwa muda usiopungua miaka 14,000. Muda huo wote haukumwondolea tabia ya uwindaji. Seli za kunusia katika pua yake hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200, ilhali binadamu anazo milioni 5 au 6 tu. Kwa hiyo njia ya msituni ambayo kwetu sisi ni udongo na majani makavu, kwake yeye ni habari kamili ya nani amepita, lini, na kuelekea wapi. Lakini habari hizo husomwa pande zote mbili. Swala anayenusa mkojo wa mbwa kando ya njia hana namna ya kujua kwamba mbwa huyo alikuwa ameshiba, au kwamba alifungwa kamba.

Jambo hili limepimwa. Karibu na jiji la Sydney nchini Australia watafiti wawili walipitisha katika njia za msituni watu wakiwa na mbwa waliofungwa kamba, watu wasio na mbwa, na katika njia nyingine hawakupitisha mtu yeyote, kisha wakahesabu ndege. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba palipopita mbwa idadi ya aina za ndege ilipungua kwa asilimia 35, na idadi ya ndege wenyewe kwa asilimia 41. Ikumbukwe kwamba mbwa hao hawakumkimbiza ndege hata mmoja. Walipita tu. Anayeufahamu msitu wa Minziro, kaskazini mwa Bukoba mpakani na Uganda, ambao thamani yake kubwa ni ndege na vipepeo, ataona mara moja maana ya matokeo hayo.

Kuhusu uwindaji hatuna haja ya kusema mengi. Mbwa wa kuwinda alikuwa na heshima yake katika nchi za Maziwa Makuu, na wengine walifungwa kengele shingoni ili mwenye mbwa ajue aliko katika majani marefu. Siku hizi Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inayahesabu matumizi ya mbwa kuwa miongoni mwa njia za uwindaji zilizokatazwa. Mbwa wanaoonekana kihalali katika hifadhi ni wale wa kazi, waliofunzwa kunusa pembe za ndovu au kufuata nyayo za majangili, nao huwa wamechanjwa na kuchunguzwa na waganga wa mifugo.

Jiji moja, kanuni mbili

Huenda msomaji akauliza: je, kamba haitoshi? Mbona katika nchi nyingine watu hutembea na mbwa wao msituni bila kushtakiwa? Swali hili ni la haki. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona kila asubuhi wazee wakitembeza mbwa katika misitu ya miji, kila mmoja na kamba mkononi na kijifuko mfukoni cha kuzolea kinyesi. Hatuna haja ya kwenda Ulaya hata hivyo. Jijini Nairobi upo msitu wa Karura, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, ule ule ambao hayati Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi. Mbwa wameruhusiwa kutembezwa humo kwa sharti la kufungwa kamba. Katika jiji hilo hilo ipo Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na humo mbwa haruhusiwi, awe na kamba au asiwe nayo.

Tofauti haitokani na ukali wa askari wa hifadhi. Hifadhi ya Nairobi ina simba, chui na fisi. Karura haina simba. Kamba humzuia mbwa asikimbie, asiume na asipotee. Haizuii pumzi yake, mate yake, mkojo wake wala kinyesi chake. Mathalani, virusi vya parvo, ambavyo vilijitokeza kwa mbwa mwaka 1978 na kuenea duniani kote kwa muda mfupi, huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi vikiwa hai. Mbwa akitembea kwa adabu njia nzima, na akajisaidia mara moja tu, huenda akawa ameacha nyuma yake kitu ambacho kamba haikuwa na uwezo nacho.

Paka naye asisahauliwe. Yeye hutorokea porini kwa wepesi kuliko mbwa, huzaana na pakamwitu hata damu ya jamii hiyo ikachanganyika, na huwaua ndege wadogo na mijusi hata akiwa ameshiba.

Simba wa mwaka 1994

Mapema mwaka 1994 watu waliokuwa wakitembelea Serengeti walianza kuona jambo la ajabu: simba wakitetemeka, wakipatwa na degedege, wakianguka na kufa. Kabla ya mwaka kwisha, karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani simba wapatao 1,000, walikuwa wamekufa, na ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Masai Mara nchini Kenya. Fisi, chui na bweha masikio nao waliambukizwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa distempa ya mbwa.

Virusi vya distempa ni ndugu wa virusi vya surua inayowapata watoto wetu, na pia ndugu wa virusi vya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioiangamiza mifugo ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na ambao ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Distempa huenezwa kwa matone ya pumzi. Simba hakai na mbwa, ni kweli; lakini fisi hufika jalalani kijijini usiku, na kesho yake hugombea mzoga mmoja na simba. Vijiji vinavyoizunguka Serengeti vilikuwa na mbwa wengi sana wasiochanjwa, na dhana iliyokubalika ni kwamba ugonjwa ulitoka kwao.

Hapa mwanafunzi wa sayansi hana budi kuwa mwangalifu. Hadithi ya mbwa aliyeua simba ni nzuri kuisimulia, ila ukweli uliopatikana baadaye una sehemu zaidi. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi ulioonyesha kwamba vifo vingi vya mwaka 1994 viliambatana na ukame mkali. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe. Simba waliowala nyati hao wakapata vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe, na distempa, ambayo hudhoofisha kinga ya mwili, ikakamilisha kazi. Tena uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba distempa iliendelea kuwapata simba hata baada ya mbwa wa vijiji vya jirani kuanza kuchanjwa, jambo linaloonyesha kwamba wanyama pori wenyewe sasa hushiriki katika kuutunza ugonjwa. Kwa maneno mengine, mbwa alifungua mlango, lakini si yeye pekee anayeushikilia wazi.

Kwa mnyama aliye adimu hatari ni kubwa zaidi. Katika milima ya Bale nchini Ethiopia anaishi mbwa mwitu mwekundu ambaye Waethiopia humwita kwa jina lenye maana ya bweha mwekundu. Duniani kote wapo chini ya 500 waliokomaa. Wachungaji hupanda milimani na mbwa wao, na mara kadhaa, ikiwemo miaka ya 1991 na 2003, kichaa cha mbwa kiliwapata wanyama hao na kuyafagia makundi mazima. Serengeti nayo ilipoteza mbwa mwitu wake wote kufikia mwaka 1991. Kichaa kilithibitishwa katika baadhi ya makundi, ingawa wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu uzito wa sababu nyingine. Walianza kurudishwa huko mwaka 2012.

Kichaa, na mtoto wa kijijini

Mpaka hapa tumezungumza juu ya wanyama pori. Sasa tugeuke upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa virusi vya kichaa cha mbwa havichagui. Duniani watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na takriban wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka.

Virusi huingia na mate kwenye jeraha, kisha hupanda polepole kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua aghalabu mwezi 1 hadi 3, ingawa huweza kuwa wiki moja au kuzidi mwaka. Muda huo ndio bahati yetu yote. Kabla dalili hazijatokea, chanjo huokoa maisha. Ndivyo alivyofanya Louis Pasteur mwezi Julai 1885 kwa mtoto Joseph Meister. Dalili zikishatokea, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, kifo hakiepukiki isipokuwa kwa watu wachache mno wanaohesabika katika historia ya utabibu.

Kwa hiyo mtu aliyeumwa au kulambwa kwenye jeraha na aoshe mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kwa saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko msomaji anavyodhani. Kisha aende hospitali siku ile ile. Pilipili, mafuta ya taa na majani yaliyopondwa visipakwe. Mbwa aliyeuma, ikiwa yuko hai na anaweza kufungwa, asiuawe kwa hasira bali achunguzwe kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate yake wakati wa kuuma huugua na kufa katika muda huo. Wala chanjo ya mtu isisubiri siku hizo ziishe.

Mzazi wa kijijini anayesafiri mara nne na mtoto wake kufuata sindano za kichaa anaijua gharama ya ugonjwa huu kuliko mwandishi yeyote wa makala. Sindano ya mbwa ni rahisi mara nyingi kuliko ya mtoto.

Hesabu ya chanjo

Tuchukue mbwa mmoja mwenye kichaa katika eneo ambalo hakuna mbwa aliyechanjwa. Kwa wastani atawaambukiza mbwa wangapi? Tuite idadi hiyo K. Kwa surua K huwa karibu 15. Kwa kichaa, utafiti uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro na kwingineko duniani umeonyesha kwamba K ni kati ya 1 na 2, tena karibu na 1 kuliko 2. Wengi hushangaa, kwa kuwa ugonjwa unatisha kuliko surua. Lakini mbwa mwenye kichaa hufa upesi, na wengi hawaumi mbwa mwingine hata mmoja kabla ya kufa.

Tuseme K ni 1.4. Mzunguko mmoja wa ambukizo huchukua takriban mwezi. Baada ya mizunguko 10 mbwa mmoja atakuwa amezaa wagonjwa 1.4 kipeo cha 10, yaani karibu 29. Tukiwachanja mbwa 30 katika kila 100, mbwa mgonjwa anayeuma atakuta 70 tu wanaoweza kuambukizwa, na K itakuwa 1.4 × 0.7 = 0.98. Imeshuka chini ya 1, na ugonjwa utazimika wenyewe. Kanuni kwa jumla ni kwamba sehemu inayopaswa kuwa na kinga ni 1 − 1/K. Kwa surua jibu ni asilimia 93. Kwa kichaa, katika mfano wetu, ni asilimia 29.

Kama ni hivyo, kwa nini Shirika la Afya Duniani husisitiza asilimia 70? Jibu limo katika maisha mafupi ya mbwa wa vijijini. Chukua kijiji chenye mbwa 100, ambapo 70 wamechanjwa mwezi Januari. Tuseme katika mwaka mbwa 40 wanakufa, na mahali pao panachukuliwa na watoto 40 wasiochanjwa. Kati ya waliokufa, 28 walikuwa na kinga. Mwisho wa mwaka wanabaki 42 wenye kinga, na 42 ni zaidi ya 29. Sasa rudia hesabu kwa kijiji kilichochanja 40 tu: watabaki 24, na kijiji kitakuwa wazi kwa ugonjwa kabla kampeni ya mwaka unaofuata haijafika. Ndiyo sababu watoto wa mbwa nao wapelekwe kuchanjwa. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno, kumbe hao ndio wanaolitoboa tundu katika kinga ya kijiji.

Hesabu hii imejaribiwa kwa vitendo. Katika sehemu moja ya vijiji vya Serengeti, uchanjaji ulioanza mwaka 1996 ulipunguza kichaa cha mbwa kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Huko Pemba ugonjwa uliondolewa mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, ukaondolewa tena mwaka 2018. Kuhusu barafu, ambayo ni kisingizio cha miaka mingi, majaribio yaliyofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa iliyohifadhiwa kwa miezi 6 katika nyuzi 25, au miezi 3 katika nyuzi 30 za Selsiasi, iliwapa mbwa kinga ile ile. Watafiti wamekwisha kubuni hata chungu cha udongo kinachopoza chanjo kwa uvukizi wa maji. Mwalimu wa fizikia anaweza kukifanya kiwe somo la saa nzima.

Mbwa abaki wapi?

Wako wanaosema kwamba suluhisho ni kuwaondoa mbwa wote kando ya hifadhi. Mimi sikubaliani nao. Mwenye kibanja kando ya Burigi hufuga mbwa kwa sababu tumbili na nguruwe mwitu hula migomba na mahindi yake, na wanyama hao wanalelewa na pori lile lile ambalo serikali imelifanya hifadhi. Kumwambia aondoe mlinzi na kuvumilia wezi ni kumtwisha yeye peke yake gharama ya faida ya taifa. Tena kuua mbwa ovyo hakujapata kuondoa kichaa mahali popote kwa kudumu: waliouawa huwa ni pamoja na waliochanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na watoto wasio na kinga.

Kinachowezekana ni mbwa abaki kibanjani na asifuate mtu kwenda rweya iliyo karibu na mpaka, afungwe usiku wakati fisi wanapotembea, na matumbo ya mnyama aliyechinjwa yafukiwe badala ya kutupiwa mbwa, maana humo hupata minyoo wanaomrudia binadamu. Juu ya hayo yote, achanjwe kila mwaka na kadi itunzwe. Mamlaka ya hifadhi nayo ingefaa ihesabu uchanjaji wa mbwa wa vijiji jirani kuwa ni kazi ya uhifadhi, sawa na doria.

Zoezi kwa darasa

Shule iliyo kando ya hifadhi inaweza kufanya uchunguzi huu kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kila mwanafunzi aulize kaya 5 za kitongoji chake: wapo mbwa wangapi, wenye umri chini ya mwaka mmoja ni wangapi, waliochanjwa katika miezi 12 iliyopita ni wangapi, na mwaka jana walikufa wangapi. Mwanafunzi aulize tu, asiwashike mbwa asiowajua. Darasa likokotoe asilimia ya waliochanjwa, kisha, kwa kutumia idadi ya vifo waliyoipata wenyewe badala ya 40 ya mfano wetu, likokotoe asilimia itakayobaki baada ya miezi 12. Jibu likiwa chini ya 29, nakala yake ipelekwe kwa afisa mifugo wa kata pamoja na majina ya vitongoji vilivyo chini kabisa.

Swali la nyongeza kwa kidato cha nne: ikiwa K katika kata yenu ni 1.8, je, asilimia 42 inayobaki mwisho wa mwaka inatosha?